Filamu za Harry Watt na Suala la Sauti ya Pwani

1.0 Utangulizi

Mtu anayesimama Mjambere, katika eneo la Kisauni kwenye bara ya kaskazini ya Mombasa, akitaka kuelekea Zanzibar, hana budi kugeukia kusini. Akienda kwa jahazi atakipita kisiwa cha Mvita, ataiacha Likoni, Gazi na Vanga mkono wake wa kulia, na Pemba itakuwa mkono wa kushoto kabla hajaiona Unguja. Ramani inaonyesha kwamba kilicho magharibi mwa Zanzibar ni mrima wa Bagamoyo, wala si Mombasa. Pamoja na hayo, mwaka 1954 mwongozaji wa filamu wa Uingereza, Harry Watt, alitoa filamu ambayo hadithi yake inaingia Mombasa na bahari yake, akaiita West of Zanzibar, yaani ‘Magharibi mwa Zanzibar’. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa mwaka 1928 na filamu ya Kimarekani ya Tod Browning. Lilipendeza masikioni mwa watazamaji wa ng’ambo, na pengine hilo lilitosha.

Kasoro hiyo ndogo ya dira inazua swali kubwa zaidi: pwani hii inapoonyeshwa katika filamu, ni nani anayeitaja, kwa lugha ipi, na akiwa amesimama wapi? Makala haya yanapitia filamu za Harry Watt kwa mfuatano wa miaka ili kulijibu swali hilo. Hoja inayotolewa ni kwamba Watt alijenga sifa yake kwa kuwapa watu wa kawaida wa Uingereza nafasi ya kujiigiza na kusema kwa vinywa vyao wenyewe. Lakini alipofika Afrika Mashariki aliitumia nusu tu ya mbinu hiyo. Kamera aliileta mahali penyewe, ila sauti ya wenyeji hakuichukua. Kwa msomi wa Kiswahili, aliyezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, pengo hilo ni mada halali ya uhakiki.

2.0 Chimbuko la mbinu yake

Harry Watt alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1906, na akafariki mwaka 1987. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alijiunga na kikosi cha watengenezaji filamu kilichoongozwa na John Grierson, Mskoti mwenzake, chini ya bodi ya serikali iliyoshughulikia masoko ya bidhaa za Dola ya Uingereza. Mwaka 1933 kikosi hicho kilihamishiwa Idara ya Posta. Watt pia alikuwa msaidizi wa Robert Flaherty katika utengenezaji wa Man of Aran (1934), filamu inayohusu wavuvi wa visiwa vya Aran huko Ayalandi. Kwa Grierson alijifunza kwamba filamu inaweza kuueleza umma kazi na maisha ya umma wenyewe. Kwa Flaherty aliona jinsi watu wasiokuwa waigizaji wanavyoweza kurudia mbele ya kamera shughuli wanazozijua tangu utotoni.

Kazi za namna hii ndizo zinazoitwa hapa filamu za hali halisi. Ni muhimu kufahamu kwamba uhalisi wake hautokani na kunasa tukio bila kuligusa. Mfano mzuri ni Night Mail (1936), filamu fupi ambayo Watt aliiongoza pamoja na Basil Wright. Filamu hiyo inaifuata garimoshi ya barua inayotoka London usiku kwenda Uskoti. Wanaoonekana wakichambua barua ndani ya behewa ni wafanyakazi halisi wa posta, lakini behewa hilo lilijengwa studioni kwa sababu garimoshi lenyewe halikuwa na nafasi ya kutosha kwa taa na mitambo. Wafanyakazi waliombwa wayumbeyumbe kidogo ili ionekane kwamba gari liko mwendoni. Utenzi wa W. H. Auden na muziki wa Benjamin Britten uliongezwa ili kuufuata mdundo wa magurudumu. Hivyo basi, ufundi ulikuwepo tele. Kilichokuwa halisi ni watu, kazi yao na namna yao ya kuzungumza.

Mwaka huohuo Watt alitengeneza The Savings of Bill Blewitt, filamu ya kuhimiza watu kuweka akiba katika benki ya posta. Mhusika mkuu, Bill Blewitt, alikuwa mkazi wa kweli wa kijiji cha wavuvi cha Mousehole, huko Cornwall. Alijiigiza mwenyewe na kuzungumza kwa lafudhi ya kwao. Katika North Sea (1938), mabaharia wa Aberdeen wanaonyeshwa wakipambana na dhoruba baharini. Katika enzi ambayo sinema nyingi za Uingereza ziliwafanya wafanyakazi kuwa vichekesho, filamu hizi ziliwaonyesha kuwa watu wenye ujuzi, hofu na heshima yao.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1974, Watt alichapisha tawasifu aliyoiita Don’t Look at the Camera, maana yake ‘Usitazame Kamera’. Hilo ndilo agizo ambalo kila asiyekuwa mwigizaji hupewa kabla ya kamera kuanza kuzunguka. Ni agizo la kiufundi, lakini linabeba uhusiano wa kimamlaka: mmoja anatazama, mwingine anatazamwa na kuambiwa asirudishe jicho. Ubora wa filamu za Watt za Uingereza ni kwamba mtazamwa, ingawa alikatazwa kuitazama kamera, hakukatazwa kusema.

3.0 Miaka ya vita

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, mbinu hii ilitumiwa kwa madhumuni ya kitaifa. Mwaka 1940 Watt na Humphrey Jennings waliongoza London Can Take It!, filamu fupi iliyoonyesha wakazi wa London wakiendelea na maisha chini ya mabomu ya Ujerumani. Mwaka uliofuata Watt alitoa Target for Tonight (1941), kuhusu safari moja ya ndege ya kivita inayotumwa usiku kushambulia Ujerumani. Hakuna mwigizaji wa kulipwa katika sehemu zake kuu. Rubani anayeonekana usukani, Charles Pickard, alikuwa rubani wa kweli wa jeshi la anga, na aliuawa vitani mwezi Februari 1944. Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya Oscar nchini Marekani.

Mafanikio hayo yalimfungulia Watt mlango wa Ealing, studio ya London iliyokuwa chini ya Michael Balcon. Hapo alianza kuongoza filamu ndefu za hadithi. Nine Men (1943) inasimulia habari za askari tisa katika jangwa la Libya, ingawa mchanga unaoonekana ni wa ufuo wa Wales. Baada ya Fiddlers Three (1944), ambayo ni ya kuchekesha na haifanani na kazi zake nyingine, Watt alipelekwa Australia.

Huko alitengeneza The Overlanders (1946), hadithi ya wachungaji wanaoswaga kundi kubwa la ng’ombe kuvuka kaskazini ya nchi mwaka 1942 ili lisije likaangukia mikononi mwa Wajapani. Mhusika mkuu aliigizwa na Chips Rafferty, Mwaustralia, na lafudhi inayosikika ni ya Kiaustralia. Hatua hii ifaa ikumbukwe vizuri: alipokwenda ng’ambo mara ya kwanza kwa ajili ya Ealing, Watt aliwaachia walowezi wa nchi ile wajieleze. Aliendelea na Eureka Stockade (1949), kuhusu uasi wa wachimba dhahabu wa Australia wa mwaka 1854. Baada ya hapo akaja Kenya.

4.0 Kenya katika filamu mbili

Filamu ya kwanza ya Watt nchini Kenya ni Where No Vultures Fly (1951). Mhusika mkuu, Bob Payton, ni mlinzi wa wanyamapori anayechukizwa na mauaji ya wanyama na kuamua kuanzisha mbuga ya taifa. Chanzo cha hadithi ni kazi ya Mervyn Cowie, mlowezi aliyezaliwa Nairobi na aliyepigania kuanzishwa kwa mbuga za taifa za Kenya. Ya kwanza kati ya hizo, Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1946. Filamu ilipigwa kwa rangi, sehemu kubwa ikiwa Amboseli, na ilichaguliwa kuwa filamu ya maonyesho ya kifalme jijini London mwaka 1951. Anthony Steel aliigiza kama Payton, na Dinah Sheridan kama mkewe.

West of Zanzibar (1954) ni mwendelezo wake. Steel anarudi kama Payton, na nafasi ya mke inachukuliwa na Sheila Sim. Jamii moja ya bara, inayoitwa Wagalana katika filamu, inahama kwa sababu ardhi yake imechakaa. Vijana wake wanavutwa na mji wa Mombasa, wanaingia katika ujangili, na pembe za ndovu wanazozipata zinapitia mikononi mwa walanguzi wanaotumia majahazi. Payton anaifuata njia hiyo hadi baharini. Mtu wa pwani atagundua mara moja kwamba Galana ni jina la mto, uleule unaoitwa Sabaki unapokaribia bahari kaskazini ya Malindi. Kuugeuza mto kuwa kabila ni jambo la aina moja na kuiita Mombasa magharibi mwa Zanzibar.

Haki inadai kwamba sifa za filamu hizi zitajwe pia. Zilihubiri uhifadhi wa wanyama mapema. Zilipigwa katika mandhari yenyewe, nyakati ambazo sinema nyingi zilitengeneza Afrika ya maboksi ndani ya studio. Mandhari, vyombo vya baharini na nyuso za watu wa miaka ya mwanzo ya 1950 zimehifadhiwa humo kwa rangi. Mwanahistoria wa pwani hawezi kuzipuuza.

5.0 Nani alisema?

Hata hivyo, sehemu mbili kubwa za Waafrika katika West of Zanzibar hazikupewa mtu wa Afrika Mashariki. Chifu Ushingo aliigizwa na Edric Connor, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri kutoka Trinidad. M’Kwongwi aliigizwa na Orlando Martins, aliyezaliwa Lagos, Nigeria. Wote wawili walikuwa wasanii hodari waliofungua njia kwa weusi katika sanaa za Uingereza, na lawama hapa si yao. Wenyeji walikuwepo, lakini katika sehemu ndogo na katika makundi ya watu. Mazungumzo yanayoisukuma hadithi mbele ni ya Kiingereza. Kiswahili kinabaki kuwa viungo vya mchuzi, si mchuzi wenyewe.

Ushahidi bora wa jambo hilo ni wimbo wa filamu hiyo. Anthony Steel aliurekodi pamoja na kundi la Radio Revellers, na mwaka 1954 uliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Neno la Kiswahili lililojulikana kutokana nao ni ‘Jambo’. Wanafunzi wa sarufi wanafahamu kwamba Mswahili huamkiana kwa ‘hujambo’ na ‘sijambo’, ‘hamjambo’ na ‘hatujambo’; ndani yake mna nafsi, mna ukanushi, mna anayeuliza na anayejibu. ‘Jambo’ tupu ni salamu iliyopunguzwa mpaka ikabaki bila mtu. Salamu iliyoondolewa nafsi inaifaa filamu iliyowaondolea wenyeji sauti.

Lugha iliyoachwa nje ilikuwa na mengi ya kutoa. Filamu ya Kiingereza inaviita vyombo vyote vya tanga kwa jina moja, dhow. Mswahili anatofautisha jahazi na mashua, dau na mtepe, sambuku na bedeni. Anajua tezi na omo, foromali na ngama. Anajua kwamba vyombo vya Arabuni na Ghuba huja kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi, na kwamba kalenda nzima ya biashara ya Bandari ya Kale ya Mombasa ilitegemea pepo hizo. Hadithi ya magendo ya baharini ikisimuliwa na nahodha kwa msamiati huo ingekuwa na undani ambao Payton, kwa ujasiri wake wote, hawezi kuufikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna jambo jingine lililobaki nje ya picha. Filamu inauweka uovu wa biashara ya pembe katika jahazi na walanguzi wake. Lakini pembe zilizotoka Zanzibar na mrima katika karne ya 19 zilikwenda pia kutengeneza vibonye vya piano na mipira ya biliadi kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani. Viwanda vya Ivoryton na Deep River, katika jimbo la Connecticut, vilijengwa juu ya biashara hiyo. Na katika misafara ya bara, biashara ya pembe ilishikamana na ile ya watumwa. Mkazi wa Mjambere hahitaji kwenda mbali kuukuta ushahidi: katika eneo hilohilo la Kisauni kuna Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Mtengenezaji filamu aliyempata Bill Blewitt katika kijiji cha wavuvi angeweza kuwapata hapo wasimulizi wenye haki kamili ya kuizungumzia historia ya pembe.

6.0 Je, lingewezekana?

Huenda ikasemwa kwamba Watt ahukumiwe kwa vipimo vya wakati wake. Hoja hiyo ina uzito. Watazamaji wa Ealing walikuwa Waingereza, na studio ilihitaji majina yenye kuuza tiketi. Thorold Dickinson, mwongozaji mwingine wa Uingereza, alifanya vivyo hivyo katika Men of Two Worlds (1946): Kisenga, mwanamuziki wa Tanganyika, aliigizwa na Robert Adams wa Guyana, na Orlando Martins aliigiza kama mganga.

Lakini wakati wenyewe unatoa ushahidi wa upande wa pili. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio ulitengeneza takriban filamu 35 kwa ajili ya watazamaji wa Kiafrika. Waafrika waliigiza, na maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili. Maudhui yake yalikuwa ya kikoloni, ya kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba, na udhibiti ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Hata hivyo, yanathibitisha kwamba Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusikika katika filamu miaka 15 na zaidi kabla ya Watt kufika Mombasa. Na ushahidi mzito kuliko wote ni kazi za Watt mwenyewe. Kipimo kinachomhukumu si cha leo. Ni kile alichokiweka katika posta, baharini na angani.

Ni lazima pia ikumbukwe kwamba hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya mwezi Oktoba 1952. Filamu iliyotoka mwaka 1954 ikimwonyesha mlinzi Mzungu akiwaongoza na kuwaokoa Waafrika dhidi ya tamaa za mji ilikuwa inasema jambo kuhusu utawala, hata kama haikuitaja vita ya Mau Mau. Kumpa Mwafrika nafasi ya kujieleza kungeleta maswali ambayo hadithi ile haikuwa tayari kuyajibu.

7.0 Baada ya Watt

Katikati ya miaka ya 1950 Watt aliiacha Ealing na kufanya kazi kwa muda mfupi katika kampuni ya televisheni ya Granada. Kisha alirudi Australia kutengeneza The Siege of Pinchgut (1959), iliyokuwa filamu ya mwisho ya Ealing. Hakurejea tena kwa Bob Payton.

Suala la sauti halikumalizika. Justin Chadwick, mwongozaji wa Uingereza aliyetoka katika tamthilia za televisheni kama Bleak House (2005), alikuja Kenya kutengeneza The First Grader (2010), kuhusu Kimani Maruge, mzee aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Safari hii mhusika mkuu alipewa Mkenya, Oliver Litondo. Mwalimu wake, ambaye katika maisha halisi ni Mkenya, aliigizwa na Naomie Harris wa London. Hatua moja ilikuwa imepigwa, nyingine ikabaki.

Wenyeji nao hawakungoja kupewa. Arusi ya Mariamu (1985) ya Tanzania ilitumia Kiswahili kama lugha ya hadithi yenyewe. Katika vibanda vya video vya mitaa ya Kenya, wasimulizi kama DJ Afro wamezipa filamu za kigeni masimulizi ya Kiswahili, wakizifasiri, wakizitania na kuzifanya za mtaani. Na mwaka 1997 lilianzishwa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo limejulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Jahazi ambalo katika filamu ya Watt lilikuwa chombo cha magendo likawa ishara ya undugu wa mataifa ya Bahari ya Hindi.

8.0 Hitimisho

Mabaharia husema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Harry Watt alizunguka kutoka reli ya Uskoti hadi jangwa la mchanga wa Wales, kutoka nyanda za Australia hadi Amboseli na Mombasa. Akitathminiwa kwa filamu moja moja, anaweza kuonekana bingwa wa watu wa kawaida au mtumishi wa dola. Kazi zake zikisomwa pamoja, inaonekana alikuwa yote mawili, na mpaka kati ya hali hizo mbili ni lugha: aliwasikiliza waliosema kwa lugha yake.

Kwa vyama na idara za Kiswahili, funzo lililopo ni la kazi. Filamu za aina hii zinahitaji kuhakikiwa darasani kama matini nyingine za fasihi. Zinahitaji manukuu na tafsiri za Kiswahili ili watu wa Mjambere, Likoni na Changamwe wazione picha za pwani yao na kuzijibu. Zinahitaji zaidi waandishi wa miswada wenye msamiati wa bahari na wa mitaa. Wazee wanaozikumbuka pepo, vyombo na mizigo ya Bandari ya Kale wanazidi kupungua. Atakayewafikia na kamera awaruhusu waitazame, na awaulize kwa Kiswahili.